Barua Tuliyoandikiwa Tuitie Saini

Habari za kifo cha Selemani nilizipata saa nne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya daktari wa macho mjini Morogoro. Aliyenipigia alikuwa mpwa wake. Alinipa shikamoo, kisha akasema mjomba amefariki alfajiri na maziko ni baada ya adhuhuri, huko huko Kinole. Niliacha foleni nikakodi teksi. Mvua zilikuwa zimeichimba barabara ya mlimani na dereva alilalamikia springi zake njia nzima, kwa hiyo tulipofika wanaume walikwisha kuondoka na jeneza. Nilivua viatu, nikaenda upande wa wanawake, nikakaa mkekani kati ya watu nisiowajua. Baadaye niliitwa ndani. Mjane wake, Zuhura, alikuwa amekaa kwenye godoro lililotandikwa chini, kajitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Nilipompa mkono wa pole hakuuachia. Aliniuliza kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie, "Wewe ndiye Rehema?" Nikasema ndiyo. "Rehema wa simu," akasema. "Miaka yote hii unampigia mume wangu. Anatoka nje kuongea, akirudi hasemi kitu. Sikukuita nikutukane, dada, leo si siku ya hayo. Nataka kujua tu." Nikamwambia kwamba zamani tulifanya kazi pamoja mwaka mmoja, mimi mpiga chapa na yeye dereva, na simu zile zilikuwa za karatasi, nilikuwa namweleza karatasi zinasema nini. "Karatasi gani hizo," akauliza, "za kuzungumzwa miaka ishirini na kitu?" Sikuwa na jibu fupi. Nilimwahidi kwamba nitamwandikia, na haya ndiyo maandishi niliyomwahidi. Najua hataniamini yote, na simlaumu. Mimi mwenyewe mambo ya mwaka ule siyaamini yote.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilipanga chumba kimoja Mafiga, katika nyumba ya wapangaji sita na bomba moja uani, bomba ambalo lilitoa maji siku linazotaka lenyewe, ndoo zikipangwa mstari tangu asubuhi kama watu wanaosubiri kitu cha serikali. Kazi niliipata kwa sababu nilijua kuchapa kwa kompyuta na Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Ilikuwa ofisi ya mradi wa maji, na ofisi yenyewe ilikuwa ndani ya nyumba ya wageni ya serikali, pale mji unapoishia na mlima unapoanza. Chumba changu zamani kilikuwa cha kulala. Kabati la nguo lilijaa karatasi nyeupe, na bafuni, ndani ya sinki kubwa la kuogea lililokatika bomba, ndimo tulimotunza majalada. Nikitaka jalada la mwaka uliopita niliinama juu ya sinki kama mtu anayemwogesha mtoto. Kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma alichokitoa Mama Asha, mpishi, mwanamke wa Kiluguru mwenye mwili mkubwa na maneno machache, ambaye aliamini vumbi linaharibu kila kitu isipokuwa chungu. Mkuu wetu alikuwa Bwana Mgaya, mratibu wa mradi, mtu wa Iringa, msafi wa kupindukia. Hakutupa karatasi kwenye ndoo ya taka. Aliichana vipande vinne, akavitia mfukoni, akaondoka navyo. Nilidhani ni tabia tu. Siku hizi nadhani alikuwa amejifunza mahali fulani, kwa gharama fulani, kwamba takataka za ofisi husomwa.

Selemani alikuwa dereva. Alinizidi miaka kama kumi, nami nilimwita kaka Sele. Mama yake, Bi Mwanahawa, aliishi Kinole, kwenye kipande cha shamba kando ya kijito, akilima migomba, magimbi na pilipili manga zilizopanda juu ya miti. Kila Jumatatu Selemani alirudi kutoka huko na kitu ndani ya kikapu, mdalasini, au fenesi lililonukisha gari mpaka Jumatano. Tulikula chakula cha mchana jikoni kwa Mama Asha, sisi watatu, kwa kuwa chumba cha kulia kilikuwa cha wageni na cha Bwana Mgaya. Siku moja redio iliyokuwa juu ya rafu ya chumvi ikatangaza kwamba nchi yetu imo katika orodha ya nchi maskini zitakazosamehewa madeni na mataifa tajiri. Mama Asha alikuwa anakuna nazi. Akasimamisha mkono. "Tumesamehewa?" akauliza. "Kwani tulimkosea nani?" Selemani akacheka, lakini Mama Asha hakuwa anafanya mzaha. Bwana Mgaya alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akajibu kama mwalimu. Akasema msamaha huo una hatua mbili. Kwanza unaahidiwa. Halafu unatimiza masharti, wanakuja kukukagua, na wakiridhika ndipo unasamehewa kweli. Selemani akamuuliza, "Na huu mradi wetu, mzee, si mkopo?" Bwana Mgaya akasema ni mkopo, lakini wa riba ndogo sana. "Kwa hiyo," Selemani akasema, "wanatusamehe mlango wa mbele, wanatukopesha mlango wa uani." Bwana Mgaya alinywa chai yake yote pale pale mlangoni, akaweka kikombe, akaondoka.

Wageni watatu walifika mwezi wa pili, kutoka kwa wakopeshaji. Kiongozi wao aliitwa Bwana Anton, mrefu, mpole, mwenye Kiswahili alichokisoma vitabuni. Alituuliza kila asubuhi "Mmeamkaje?" na alisubiri jibu. Selemani ndiye aliyewachukua Dar es Salaam. Walisimama Mikese kunyoosha miguu, na yeye akawanunulia mahindi ya kuchoma. Kuanzia hapo mpaka mjini walizungumza mambo yao kwa Kiingereza bila wasiwasi, wakidhani dereva hakijui. Lakini Selemani aliwahi kuendesha magari ya wakandarasi wa barabara kwa miaka mitano, na Kiingereza alikifahamu kuliko alivyokizungumza. Aliponikuta jikoni siku ile ile aliniambia, "Hawa hawakuja kuangalia kama tutakubali. Wamekuja kupanga tarehe." Sikumwelewa. Nilimwelewa baada ya siku chache, nilipoanza kuitwa chumba cha kulia kuandika kumbukumbu za mazungumzo yao. Chumba kile nakikumbuka kuliko nyumba nilizowahi kuishi. Kulikuwa na meza ya mninga ya watu kumi na wawili, na madirisha manne yaliyotazama mlima. Mama Asha aliingia na kutoka na sahani za wali, kuku wa nazi, ndizi mbichi alizozipika hadi zikawa laini. Mimi nilikaa mwisho wa meza na daftari langu, na baada ya siku mbili wakaniona kama kiti kingine. Kijana wao mmoja, mchumi, alisema kwa Kiingereza huku akijitilia mchuzi, "Nchi kama hii haikatai. Inachelewesha tu." Bwana Anton akamjibu, "Basi tusiipe nafasi ya kuchelewesha. Bajeti yao inasomwa mwezi wa sita. Bila barua ya mkopo, hawajui waandike nini kwenye mapato." Bwana Mgaya alikuwa anajipakulia mchicha. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Alitabasamu na kuwasogezea bakuli.

Nilitarajia, kwa ujinga wa umri ule, kwamba mtu anayekudai atakuwa mkali. Nilikuwa nimeona wadai Mafiga. Wanakuja na ndugu zao, wanapiga kelele ili majirani wasikie. Wageni wetu hawakumkaripia mtu hata siku moja. Walimsifu Mama Asha kwa mapishi, waliuliza majina ya ndege, na Bwana Anton alininunulia kamusi nzuri ambayo ninayo mpaka leo. Kwa muda mrefu nilishindwa kuelewa nilichokuwa nakiogopa katika upole ule. Nadhani sasa ni kwamba walikuwa wapole kama mtu aliyekwisha kuona matokeo. Walizunguka vijijini, ndiyo, siku nne, wakapiga picha vijito, wakapima kwa kamba umbali kati ya maji na migomba, wakasikiliza wakulima kupitia kwangu. Nilitafsiri kwa bidii zote. Nilihangaika na maneno ya wazee yaliyochanganyika na Kiluguru, nikauliza mara mbili mbili ili nisipotoshe. Bwana Anton aliandika machache sana.

Jumatatu iliyofuata alinipa diski. Akasema ndani yake kuna rasimu ya barua, niichape upya kwenye karatasi yenye kichwa cha ofisi yetu. Niliifungua. Ilikuwa na kurasa tisa, na haikuwa barua kutoka kwao kuja kwetu. Ilikuwa barua kutoka kwetu kwenda kwao. Ilianza kwa kusema kwamba sisi tuna heshima ya kuomba mkopo huu, na kwamba sisi wenyewe, baada ya kutafakari, tumeamua mambo yafuatayo. Tumeamua maji ya mjini yasimamiwe na kampuni. Tumeamua bei ipande mpaka ilipe gharama. Tumeamua mtu yeyote asilime wala kuishi ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa kijito chochote kinachoteremka Uluguru. Kila aya ilisema "sisi". Nilichapa nikitikisa kichwa, nikijiambia kwamba labda ndivyo barua za serikali zinavyoandikwa. Nilipofika ukurasa wa sita nikakuta mstari unaosema kwamba mpango huu umeombwa na wananchi wa nyanda za juu za nchi ambayo haikuwa yetu. Sitaitaja hapa, maana nayo ina watu wake na aibu zake. Iko bara jingine kabisa. Nilisoma tena nikidhani macho yananidanganya. Jina lilikuwa pale, limeandikwa vizuri, na jina la milima yao pia. Mtu alikuwa ameichukua barua ya watu wale, akaibadilisha jina kila mahali, na hapo alipitiwa.

Nilimpelekea Bwana Anton. Aliangalia, shingo yake ikawa nyekundu, kisha akacheka kidogo. "Asante sana, Rehema. Una jicho zuri. Badilisha." Nikampelekea Bwana Mgaya. Yeye aliangalia muda mrefu. "Mwenyewe amesemaje?" akauliza. Nikasema ameniambia nibadilishe. "Basi badilisha." Nikageuka kuondoka, akaniita. "Utaitafsiri pia kwa Kiswahili, itasomwa vijijini. Uisome vizuri, Rehema. Yote." Nilirudi chumbani kwangu nikafuta jina la nchi ile, nikaandika Tanzania, nikafuta milima yao, nikaandika Uluguru. Haikuchukua hata dakika moja. Baadaye maishani nimetafsiri mamia ya mikataba, hati na makubaliano, na watu husema kazi yangu haina makosa. Huwa siwaambii kwamba kosa kubwa nililowahi kulifanya lilikuwa kusahihisha.

Mchana nilimwambia Selemani. Tulikuwa wawili jikoni, Mama Asha ameenda sokoni. Nilimweleza kila kitu, jina la ile nchi, "sisi" zile zote, na ukurasa wa nane unaotaja mita. Aliacha kula. "Sitini kutoka ukingoni?" Nikasema ndiyo. Alinyanyuka akatoka uani. Kutoka dirishani nilimwona akisimama kwenye mfereji wa maji machafu, akaanza kutembea kwa hatua ndefu kuelekea barabarani, midomo ikihesabu. Alipita bustani, akapita banda la gari, akapita geti, bado anahesabu. Aliporudi alikaa akaitazama sahani. "Shamba la mama lote liko ndani," akasema. "Na nyumba. Na kaburi la baba."

Baada ya wiki mbili wakaja watu wanne kutoka Kinole, wamevaa kanzu na makoti, wakaomba kuonana na mratibu. Waliuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli kuna barua iliyoandikwa kwa jina lao, na kama ni kweli barua hiyo mwanzoni ilikuwa ya nchi fulani. Wakaitaja ile nchi. Bwana Anton alikuwepo chumbani. Hakusema lolote mpaka walipoondoka, na hata hapo alisema sentensi moja tu, kwamba wakopeshaji hawawezi kuendelea na ofisi isiyotunza siri. Kuanzia saa ile nyumba ilibadilika. Milango iliyokuwa wazi ilifungwa. Mama Asha aliacha kuimba. Mimi nilianza kusikiliza hatua za watu koridoni na kukisia zinaelekea kwa nani. Bwana Mgaya alituita mmoja mmoja kwenye chumba cha kulia, akiwa amekaa mahali pa Bwana Anton, mwishoni mwa meza. Aliniuliza kama nimemwonyesha mtu barua. Nikasema hapana, na hiyo ilikuwa kweli, kwa maana sikumwonyesha, nilimwambia. Akaniuliza, "Na Selemani? Yeye si mtu wa Kinole?" Nikasema, "Sijui, mzee." Nilitazama mlima kupitia dirishani. Nilikuwa na kodi ya miezi sita ya kulipa, nilikuwa na woga, na nilikuwa na hakika kwamba kaka Sele atanitaja, na kwamba akinitaja nitakana.

Hakunitaja. Alikaa mle ndani dakika chache, akatoka, akaja jikoni akaweka funguo za gari mezani, karibu na kibao cha mbuzi. Mama Asha alimwambia, "Kaa umalize chakula chako kwanza." Akasema ameshiba. Tangu siku ile Mama Asha hakunifunikia tena sahani. Hakuniuliza kitu, aliacha tu kuniwekea, na nilipokuja jikoni alijipatia kazi nje. Wiki ya pili nilikutana na Selemani Mafiga, karibu na duka la mafuta ya taa, amebeba mkungu wa ndizi begani. Njia ilikuwa nyembamba. Nilimpisha nikaangalia chini mpaka alipopita.

Kikao cha Kinole kilifanyika mwezi wa tano, katika darasa la shule ya msingi. Wazee kwa akina mama walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Bwana Anton alikaa chini ya ubao ambao haukufutwa vizuri, jedwali la kuzidisha likionekana nusu juu ya kichwa chake. Muhtasari wa kikao ulikuwa umekwisha kuchapwa. Nilikuwa nimeuchapa mwenyewe siku moja kabla, pamoja na sentensi isemayo kwamba baada ya majadiliano marefu wananchi waliafiki. Ulibaki kutiwa saini. Mwenyekiti wa kijiji akanikaribisha nisome barua kwa Kiswahili, nami nikasimama nikasoma kwa sauti niliyofundishwa shuleni, wazi, bila kukwama. Nilisoma, "Sisi, wananchi wa vijiji vya Uluguru, tumeomba kwa hiari yetu." Nilisoma mpaka mwisho. Kisha mwanamke mmoja kwenye dawati la pili akasimama taratibu, akishika ukuta. Nilikuwa sijawahi kumwona, lakini Selemani alikuwa na uso ule ule. Alikuwa Bi Mwanahawa.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umesoma vizuri. Nauliza tu, hayo tuliyasema lini?"

Mwenyekiti akamwambia wakati wa maswali bado. "Sikuulizi wewe," akasema bila ukali. "Namuuliza huyu binti, maana ndiye aliyesema sisi."

Nilimtazama Bwana Mgaya. Alikuwa amevua miwani, anaisafisha kwa ncha ya tai. Hakuinua uso. Nikajisikia nikisema kwa sauti ile ile ya kusomea, "Hamkuyasema, mama. Barua ilikuja imekwisha kuandikwa. Waliandikiwa watu wengine kwanza, na jina lao lilikuwa bado limo. Mimi ndiye niliyelifuta."

Bi Mwanahawa alikuwa bado amesimama. "Na mwanangu alifukuzwa kwa sababu ya jina hilo?"

"Ndiyo, mama. Mimi ndiye niliyemwambia. Na nilipoulizwa nikasema sijui."

Alichukua kanga yake kwenye dawati, akajifunga vizuri, akatoka. Dawati la kwanza wakamfuata, kisha la pili, kisha la tatu, bila kusukumana, kama darasa lililoruhusiwa. Bwana Anton alifunga mkoba wake. "Hii ilikuwa rasimu tu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni, na nadhani alitaka nimwamini. Muhtasari ulibaki mezani bila saini hata moja.

Nilijua nimekwisha. Bwana Mgaya akaniamuru nipande gari lake, wageni wakapanda lao. Tuliteremka kona nyingi, kisha akamwambia dereva mpya asimame, ashuke akanunue machungwa. Tulipobaki wawili akasema, "Unadhani kwa nini nilikupa wewe uitafsiri? Dar kumejaa watafsiri. Mimi nikikataa, wanapiga simu wizarani, na kesho yake anakaa kwenye kiti changu mtu anayekubali. Mdaiwa akikataa, anaitwa mkaidi. Kijiji kikikataa, kinaitwa wananchi, na kwenye vitabu vyao wananchi wana sura nzima. Sasa nitawaandikia kwamba wananchi wamekataa." Nikamuuliza, "Na kaka Sele?" Akatazama nje, kule dereva alikokuwa akichagua machungwa. "Ilibidi waone nimemwadhibu mtu," akasema, kama mtu anayeripoti matumizi ya dizeli.

Nimeyapima maneno hayo kwa miaka mingi. Inawezekana yalikuwa kweli, na mtu yule aliyekuwa akitabasamu na kusogeza mabakuli alikuwa akipigana vita kwa njia pekee aliyoachiwa. Inawezekana pia kwamba aliyatunga pale garini, alipoona mambo yameharibika, ili kesho awe upande wa walioshinda. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akahamia wizarani, na jambo hilo halithibitishi lolote, maana wenye hila na wenye moyo wote hupandishwa. Hili ndilo nililojifunza kuhusu deni la nchi, na sijalisoma kwenye ripoti yoyote: mkopeshaji hahitaji kuwepo chumbani. Akishaondoka, waliobaki wanatazamana, na hakuna anayejua mwenzake anamtumikia nani. Barua ilitiwa saini Dar es Salaam siku chache kabla ya bajeti. Ukurasa wa nane ulibadilishwa ukasema kwamba wakulima wa vijitoni wataondolewa kwa awamu, baada ya mashauriano zaidi. Mashauriano hayo hayajafanyika mpaka leo, na shamba la Bi Mwanahawa lipo. Hayo mengine yote yalipita kama yalivyoandikwa. Bomba letu la uani Mafiga lilifungwa kwa waya, tukawa tunanunua maji kwa ndoo kwenye kibanda, na ile kampuni iliondoka kabla ya mkataba wake kwisha. Mkopo haukuondoka nayo. Redio ilipotangaza kwamba sasa tumesamehewa rasmi, Mama Asha aliizima akaendelea kuchambua mchele.

Mimi sikufukuzwa. Hilo lilinitia shaka kuliko kama ningefukuzwa. Mwezi wa nane nikapanda Kinole peke yangu, nikamkuta Selemani shambani kwa mama yake, juu ya ngazi ya mianzi, anachuma pilipili manga. Hakushuka. Nilimwomba radhi nikiwa chini, naongea na miguu yake, kisha nikamweleza aliyoyasema Bwana Mgaya garini.

"Wewe unamwamini?" akauliza.

"Sijui."

"Basi usinipe kama habari njema."

Aliendelea kuchuma. Baada ya muda akasema alinikasirikia siku moja tu, ile ya Mafiga, nilipomwona nikaangalia chini, na kwamba hiyo bado hajaisahau. Nikamuuliza lile swali lililokuwa limenileta. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

Akashuka ngazi, akaweka kikapu chini, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Ningekutaja wangekufukuza na wewe," akasema. "Halafu wangemleta mpiga chapa mwingine, na huyo mimi nisingemjua. Mimi dereva, nasikia ya kwenye gari tu. Wewe ndiye uliye ndani ya chumba. Rudi ukae humo, Rehema. Ukisoma kitu kinachotuhusu, nijulishe."

Sikujua kama nilikuwa nimesamehewa au nimepewa kazi. Jumatatu nilirudi ofisini. Mezani kulikuwa na rasimu nyingine, kurasa kumi na nne. Nikavuta kiti, nikafunga mlango, nikaanza kuisoma kutoka ukurasa wa mwisho.